Neno Jekundu la Baba

Baba alilipaka lile neno juu ya mlango wa karakana yake kwa rangi nyekundu ya mafuta, herufi zenye kimo cha mtoto anayeanza shule, kila moja na kivuli chake cha dhahabu. SCATHING. Chini yake, kwa herufi ndogo zenye adabu: Mchoraji. Mtu anayetoka sokoni aliweza kulisoma akiwa bado kwenye kona ya duka la dawa. Vibao vya Baba ndivyo vilivyo, vinakufuata kabla hujavifuata.

Mimi nililiona nikiwa nimebeba mfuko wa vitunguu. Nusura niumwage barabarani.

Niseme tangu mwanzo neno lenyewe lina maana gani, tusije tukachekana. Ni la Kiingereza. Hutumika kwa maneno ya kumkosoa mtu, lakini si kule kukosoa kwa "ungejitahidi kidogo." Wala si matusi. Matusi hata mlevi anayaweza. Hili ni la mtu aliyetulia kwenye kiti chake, akachagua maneno moja moja, kisha akakuunguza nayo mpaka ukabaki huna nyusi. Kuna maoni ya namna hiyo, kuna hotuba ya namna hiyo, kuna hata jicho la namna hiyo. Marehemu shangazi yetu aliwahi kumtupia mkwewe jicho la namna hiyo mezani, na yule bwana akaenda kubadili shati. Ni neno la kumwambia mtu pole. Hakuna aliye na akili timamu anayelipaka juu ya mlango wake na kulitia dhahabu.

Hakuna, ila Baba. Na Baba ana akili timamu. Ndiyo maana inabidi nieleze.

Maisha yake yote Baba amechora vibao. Lile jino linalotabasamu kwa daktari wa meno ni lake. Yule kuku wa machinjioni anayecheka kana kwamba hajaambiwa anakoenda, ni wake pia. Alichora tairi, mikasi, chupa za dawa, majeneza yenye mng'ao, na hakuwahi kujiita msanii. Mama ndiye aliyemwita msanii, na kila mara alikuwa anamtania.

Mama alipofariki Baba alizitumbukiza brashi zake kwenye kopo la mafuta ya taa, akaingia chumbani, akalala. Alikula akilazimishwa na kuongea akiulizwa. Dada yangu ni mkunga, hana subira na mtu anayelala bila kuzaa. Kila asubuhi alikuja kumfungulia madirisha, na akiondoka tu Baba aliyafunga. Tuliogopa. Tulikuwa tunasemezana kwa kunong'ona ndani ya nyumba yetu wenyewe, na tulijua tunachokiogopa.

Halafu siku moja Dada alikuta madirisha yako wazi na nyumba inanuka rangi. Baba alikuwa amesimama na kipande cha plaiwudi, anamchora Mama. Mama akianika nguo. Alipomaliza akaanza mwingine: Mama kwenye foleni ya benki. Mama akivuka barabara. Mama na ndoo, Mama bila ndoo. Alichora mpaka plaiwudi ikamwishia, akang'oa mlango wa kabati. Sisi tulisema: nzuri sana, Baba. Nzuri mno! Angechora hata hiyo ndoo peke yake tungesema nzuri mno, ilimradi ameamka.

Sasa kukatokea mama mmoja mgeni, mwenye ukumbi wa maonyesho ya picha mjini. Alikuja kuagiza kibao cha "Usiegeshe Gari Hapa." Akawaona wale akina Mama wameegemezwa ukutani, akashika kifua, akawabeba wote kwenda kuwaonyesha watu. Gazeti la Kiingereza likatuma mwandishi. Likatoa nusu ukurasa mzima, na picha ya Baba akiwa amevaa koti lake la harusi ambalo halifungiki tena.

Yule mama akampigia simu. Kiswahili chake ni cha kuokoteza. Akamwambia gazeti limeandika, nusu ukurasa, halafu akatafuta neno la kueleza limeandikaje, akalikosa, akalitumia la kwao. Sauti yake ilikuwa ya majonzi. Baba akadhani ana mafua. Akamwomba lile neno amtumie kwenye simu, herufi kwa herufi, kwa sababu ana mpango wa kuliweka kwenye kibao na asingependa kukosea. Yule mama akalituma, akaongezea kikatuni cha uso unaolia. Baba akaona mtu analia kwa furaha.

Wakati huo mimi sikuwepo. Kazi yangu ni ukalimani wa mahakamani, na nilikuwa nimepelekwa mbali kwenye kesi ndefu ya watu waliouziana shamba lisilokuwa la yeyote kati yao. Niliporudi na vitunguu vyangu nikakuta mambo yameshaharibika mtaa mzima. Kinyozi wa jirani naye alikuwa amelitaka neno, maana asingekubali kupitwa: Kinyozi Scathing. Fundi baiskeli alichorewa la bluu. Vijana walikuwa wanalitamka skeidhing, na wakiona viatu vipya wanasema, "Leo umetoka skeidhing." Na gazeti lenyewe lilikuwa limetiwa fremu ya kioo, limetundikwa sebuleni pale palipokuwa pakitundikwa kalenda.

Dada alinikamata mkono kabla sijasalimia, akanivuta mpaka jikoni. Alikuwa na nakala nyingine ya gazeti ndani ya sufuria, juu yake kafunika kifuniko.

"Soma," akasema. "Mimi Kiingereza changu ni cha majina ya dawa, lakini kuna sehemu sikuzipenda."

Nilisoma nimesimama. Nilipomaliza nikaketi juu ya gunia la mkaa na sketi yangu ya kazini.

"Ni mbaya?"

"Wamemvua nguo, Dada. Wamemvua, wamezikunja, na wamezipeleka kwa fundi zishonwe matambara."

Kutoka sebuleni tulimsikia Baba akipiga mluzi. Tangu msiba, ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akipiga mluzi.

"Jumapili mchana amealika watu," Dada akasema. "Anataka uwatafsirie. Utamwambia amesifiwa."

"Mimi sipunguzi wala siongezi. Nimeapa."

"Umeapa mahakamani. Hapa ni jikoni."

"Dada, kiapo hakina..."

"Sikiliza wewe Kasuku." Hilo ndilo jina langu la nyumbani, na akiniita hivyo ujue mazungumzo yameisha. "Akirudi kitandani, mimi simtoi tena. Mgongo wangu umeisha, na moyo wangu nao umeisha. Utadanganya, tena utadanganya vizuri."

Nikakubali. Nakiri kwamba nilikubali upesi.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu kazi yangu, kwa sababu ndicho kilichotuponza. Mkalimani wa mahakamani hasemi "huyu bwana anasema hakuiba." Anasema "sikuiba." Chochote anachosema mtu, mimi nakisema kama changu, kwa mimi na kwangu na nili-. Kwa utaratibu huo nimeshaiba ng'ombe, nimeshamtelekeza mke, nimeshamkata mtu sikio nikiwa nimelewa, na mara moja nimeapa mbele ya hakimu kwamba mtoto si wangu. Nikisimama kutafsiri, mikono nyuma, kichwa juu, mimi simo. Anayesema yumo ndani ya kinywa changu na mimi nimetoka kidogo nje kupumzika. Imeshakuwa tabia. Hata nikimtafsiria mgeni dukani, ni "nataka sabuni," na mwenye duka ananiletea mimi.

Jumapili ikafika. Baba alikuwa amevaa lile koti. Sebule ilijaa: majirani, Kinyozi, Fundi Baiskeli na mkewe, jamaa wa karibu. Na kwenye kiti cha mkono, kile kizuri, alikuwa ameketi Baba Mdogo.

Baba Mdogo ni karani mstaafu wa posta. Walipokuwa watoto fedha ya shule ilitosha mmoja tu, Baba akatolewa darasani ili mdogo wake asome. Kwa wema huo Baba Mdogo hajawahi kumsamehe. Maisha yake yote hakuna kibao cha Baba alichokipita bila kuguna. Kiingereza chake ni kizuri, cha kusoma zaidi kuliko cha kusema, na siku ile alikuja anatabasamu. Nikajua limetufika.

"Kasuku anatafsiri?" akauliza.

"Kasuku anatafsiri," Baba akajibu kwa fahari. "Mkalimani wa serikali."

"Vizuri sana." Baba Mdogo akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa gazeti lake mwenyewe lililokunjwa, akalitandaza magotini na kuweka kidole kwenye mstari wa kwanza. "Basi na mimi nitamfuatilia, asije akaruka mahali. Macho mawili si kama manne."

Nilimtazama Dada. Dada alikuwa anatafuna ukucha, mkunga mzima. Kama ningebadili sentensi moja, yule mzee angeinua kidole na kuitangaza, na Baba angeaibika mara mbili: kwa gazeti, na kwa kudanganywa na watoto wake mbele ya watu aliowapikia. Mlango wa uongo ulikuwa umefungwa, na Baba Mdogo ameketi mbele yake.

Baba akaishusha fremu ukutani, akaifuta kwa mkono wa koti, akanikabidhi. "Haya, mwanangu. Taratibu, ili waelewe."

Nikasimama. Mikono haikuweza kwenda nyuma kwa sababu ya fremu, lakini kichwa kilikwenda juu chenyewe.

"Niliingia kwenye maonyesho haya nikiwa na njaa na mvua imeninyeshea," nikaanza, "na nikatoka nikiwa katika hali mbaya zaidi."

"Kumbe ulikwenda!" Kinyozi akasema.

"Si yeye," Dada akamnong'oneza. "Ni mwandishi."

"Mchoraji huyu," nikaendelea, "anachora kama mtu anayeogopa basi litapita kabla abiria hawajasoma. Kila kitu amekizungushia mstari mweusi. Nyumba, ndoo, mbwa. Hata mawingu ameyazungushia, kana kwamba asipoyafunga yatatoroka."

Fundi Baiskeli akacheka kidogo, akidhani ndivyo sifa za mjini zilivyo, kisha akamwona mkewe na kuacha. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kidole cha Baba Mdogo kilikuwa kinatembea taratibu juu ya karatasi, kikifika pale nilipofika.

"Mwanamke mmoja amechorwa hapa mara nyingi kuliko nilivyoweza kuvumilia, na bado sijakutana naye. Ana kitambaa. Ana ndoo. Ana nafasi kwenye foleni ya benki. Uso hana. Mahali pa uso kumewekwa tabasamu la kutangazia biashara, na nililitazama kwa muda nikitafuta bei pembeni."

"Huyu mtoto ana nini?" mke wa Fundi akafoka. "Mama yake mzazi!"

"Si yeye, jamani, ni..."

"Kinywa cha nani hicho kinachosema? Si chake?"

Baba akainua mkono. "Mwacheni," akasema. "Yuko kazini."

Sauti yake haikuwa na kitu. Laiti angenifokea. Nilipaswa kuishia pale, niseme kichwa kinaniuma, niiangushe ile fremu kwa bahati mbaya. Lakini kidole cha Baba Mdogo kilikuwa kimesimama kikinisubiri, na mimi nikaendelea.

"Nimeelezwa kwamba huyu ni mke wake, na kwamba amefariki. Nampa pole. Lakini huzuni haishiki brashi. Mchoraji huyu anatuonyesha kila alichokibeba mkewe, na hata mara moja hatuonyeshi mkewe. Sijui kama aliwahi kumtazama. Mimi nilitoka nje mvuani nikiwa simjui mwanamke huyu, na sikuwa na sababu ya kurudi."

Hapo ndipo gazeti linapoishia. Chini yake kuna tangazo la magodoro.

Mimi sikuishia hapo. Sijui niseme nini kujitetea. Nilikuwa nimesimama na kichwa juu, kinywa kikiwa bado cha mtu mwingine, na mimi niko nje kidogo, kama siku zote. Nikasikia sauti ikiendelea, kwa mwendo uleule, wa mahakamani, mkavu.

"Mimi nilitaka kumwona akicheka," ikasema. "Si hilo tabasamu la jino. Kile kicheko chake, anajiziba mdomo kwa mkono kana kwamba anaiba, mabega yanapanda, macho yanatoka machozi, na mkono wa pili unampiga aliye karibu, awe nani. Nimezunguka picha zote nikimtafuta. Kila mara nimesema nzuri sana, nzuri mno, na kila mara nimekwenda nyumbani nikiwa sijamwona. Hayupo. Mmenipa ndoo. Nimechoka kusema nzuri. Si yeye."



"Haipo!" Baba Mdogo aliruka kutoka kwenye kiti kizuri, gazeti mkononi, uso umemng'aa. "Hiyo haipo hapa! Nimefuatilia neno kwa neno. Ameongeza! Mkalimani wa serikali, ameongeza!" Alikuwa amejiandaa kunikamata nikipunguza. Kuongeza kulimjia kama zawadi.

Baba hakumtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kwa hiyo lile neno la mlangoni," akasema polepole, "si la sifa."

"Si la sifa, Baba."

"Ni la nini?"

"Ni la kumchoma mtu kwa maneno. Mpaka ndani."

"Na la kwangu?" Kinyozi akauliza, mkono kichwani.

"Yale ya mwanzo," Baba akasema, "nimeyasikia. Ni ya mtu aliyenyeshewa. Yale ya mwisho ni ya nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile niliulizwa mimi ni nani, na nilikuwa nimeshika fremu.

"Ni yangu," nikasema.

Baba akainuka. Akalivua lile koti, akaliweka juu ya kiti, akapita katikati ya watu bila kumgusa mtu, akaingia chumbani. Mlango ukafungwa.

Dada hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Umeona?" akasema kwa sauti ndogo. "Umeona sasa? Nilikwambia nini?" Na machozi yalikuwa yanamtoka, dada yangu ambaye sijui lini nilimwona akilia, hata msibani alikuwa anapanga viti. Nikatamani ardhi inimeze, pamoja na kiapo changu, na kichwa changu kilicho juu. Mke wa Fundi akaanza kukusanya vikombe ili apate pa kuangalia. Baba Mdogo alikuwa bado amesimama na gazeti lake, furaha imeanza kumpungua usoni, kwa sababu hakuna aliyekuwa anaifurahia pamoja naye.

Tukasikia kitu kinaburutwa chumbani.

Mlango ukafunguka kwa teke. Baba akatoka kinyumenyume, akivuta ule mlango wa kabati, uliokuwa umesharudi kutoka mjini, wenye Mama bila ndoo. Akaugeuza nyuma mbele, upande usiopakwa rangi, akauegemeza kwenye meza. Penseli ya useremala ilikuwa sikioni mwake. Aliitoa, akailamba ncha, akageukia upande wangu.

"Mkono upi?" akauliza.

"Nini, Baba?"

"Aliojizibia mdomo. Mkono upi?"

Nilifikiri. Nilifumba macho nikafikiri. "Wa kushoto," nikasema. "Wa kulia ulikuwa wa kupigia."

"Wa kulia uliwahi kunivunjia miwani," Dada akasema kutoka kule alikokuwa, akijifuta uso kwa kiwiko.

Baba akachora mkono wa kushoto. Alichora haraka, mstari mmoja, na ukawa mkono wa kibao: vidole vitano sawasawa, unaoweza kuuzia glavu.

"Si huo," nikasema.

Akaufuta kwa kiganja. Akachora mwingine.

"Vidole vilikuwa havifunguki vyote," Dada akasema. "Kile kidogo kilibaki nje."

"Na mabega," nikasema. "Hapo amesimama kama anapigwa picha ya kitambulisho."

Baba akayafuta mabega. Jasho lilikuwa linamtoka. Mke wa Fundi aliyeninunia akaweka vikombe chini, akasogea, akasema samahani, hakutaka kuingilia, lakini shingo ya marehemu haikuwa ndefu hivyo, hiyo ni ya twiga. Fundi akasema nywele. Kinyozi, ambaye nywele ni riziki yake, akamwambia Fundi anyamaze, hajui kitu, na akaeleza mstari wa paji la uso ulivyokwenda. Muda si mrefu sebule nzima ilikuwa inamshambulia yule mzee, kila mtu na lake, hakuna aliyesema nzuri. Baba akifuta, akichora, akituma mtu amchongee penseli.

"Bega la kulia lilipanda zaidi," mtu akasema nyuma yetu.

Alikuwa Baba Mdogo. Alikuwa amekunja gazeti, hajui aliweke wapi.

"Lilipanda zaidi," akarudia, akitazama sakafu. "Mimi ndiye niliyekuwa naketi karibu naye. Mimi ndiye niliyekuwa nikipigwa."

Baba akamtazama mdogo wake. Kisha akalifuta bega.

Lile neno bado liko mlangoni. Kinyozi alitaka la kwake lifutwe, Baba akamwambia asubiri mwezi, na kabla mwezi haujaisha wateja walikuwa wanakuja kuagiza mkato wa skeidhing, na Kinyozi akanyamaza. Siku moja mwalimu wa Kiingereza alisimama mbele ya karakana, mtu mwema, akaanza kumweleza Baba kwa upole kwamba huenda hajui maana ya alichokiandika. "Naijua, mwalimu," Baba akamwambia. "Nina binti." Ile fremu ya gazeti nayo imerudi ukutani. Alisema yule mwandishi alau aliangalia picha, na akanitazama alipokuwa anasema hivyo, nikajifanya natafuta funguo.

Sikuitwa kwa muda. Niliambiwa na Dada kwamba mlango wa karakana unafungwa kwa ndani, lakini madirisha yako wazi, na kwamba Baba Mdogo anaingizwa.

Halafu Baba akanipigia simu nikiwa kazini.

"Nimemaliza," akasema. "Njoo. Njoo na yule mwandishi wako, yule wa kinywani."

Nilikwenda moja kwa moja na sketi yangu ya mahakamani. Baba alikuwa amesimama kando, kopo la rangi mkononi, hajiamini. Plaiwudi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na pale juu yake alikuwa Mama. Hakuna ndoo, hakuna foleni, hakuna mstari mweusi. Mkono wa kushoto mdomoni, kidole kidogo nje, macho yamefumbwa, bega la kulia limepanda mpaka karibu na hereni, na mkono wa kulia unatoka nje ya picha kuja kumpiga mtu ambaye, pale niliposimama, alikuwa mimi.

Nilitafuta kosa. Ndiyo kazi niliyoitiwa, na nilijua nikisema nzuri sana atanifukuza. Nilitafuta kwenye paji la uso, nikatafuta kwenye vidole. Baba alikuwa anapumua kwa nguvu nyuma yangu.

"Sikio la kushoto," nikasema mwishowe. "Ni kubwa mno."

"Lilikuwa kubwa," Baba akasema.

Nikalitazama tena.

"Lilikuwa kubwa," nikasema.